Nyumba ya wazee: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Ukitaja nyumba ya wazee kwenye baraza hapa Malindi, mmoja atasema astaghfirullah, na mwingine atakumbuka wale wazee waliosingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi zao, wakakimbilia Kaya Godoma kule Ganze kuokoa roho. Mimi nazungumzia nyumba ya namna nyingine: nyumba ya kawaida mtaani, wazee sita au wanane, wasaidizi wa zamu, na familia inalipa kila mwezi. Tulipokuwa tukimtafutia mamkubwa mahali nilizisikia dhana zote hizi, na baadhi yao nilikuwa nazo mwenyewe.

"Ni kumtupa mzazi."

Watu huleta aya ya 23 ya Surat Al-Israa, na wana haki: wazazi wakifikia uzee usiwaambie hata "ah!". Lakini mamkubwa alikuwa ghorofani, katika nyumba ya kale ya mawe huko Amu (mji wa Lamu), ngazi zimesimama wima na hazina pa kujishikia. Asubuhi wote wanashuka kwenda kazini, anabaki na msichana wa kazi na simu yake. Hiyo "ah!" aliisikia mara ngapi kwa siku? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kwa jamaa zake na kwa Serikali. Haikutaja ni chini ya paa gani.

Sisemi kila mzee apelekwe. Nimeona mzee akitunzwa nyumbani vizuri sana, ila palikuwa na watu wa kupokezana. Pale ambapo binti mmoja amebebeshwa yote kwa kuwa hakuolewa, wanaougua ni wawili.

"Kusahau ni uzee tu."

Hapana. Dimenshia ni maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu asahau, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Wanaoishi nayo duniani ni zaidi ya milioni 55, wengi wao katika nchi kama zetu. Tena mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa sawa na leo anaweweseka, huenda ni maambukizo ya njia ya mkojo, au upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya. Mamkubwa alipoanza kuzungumza na marehemu mumewe, alitafutwa wa kumsomea Kurani kabla ya mtu kufikiria kupima mkojo. Kusomewa na asomewe, lakini mkojo pia upimwe. Daktari kwanza, nyumba baadaye.

"Nyumba ikiwa ndogo, ni kama familia."

Hii ndiyo iliyonidanganya mimi. Udogo una uzuri wake: mzee anajulikana kwa jina, anajulikana chai yake ina sukari au haina. Lakini udogo pia maana yake wasaidizi ni wawili watatu, na mmoja akipata msiba kwao, zamu yake haina mtu. Kwa hiyo usiulize "mnawatunza vipi?" Uliza: saa tisa ya usiku nani yuko macho? Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, na wengi huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia. Kama aliyepo usiku amelala kwenye kochi la sebuleni, jibu umelipata. Omba ruhusa ya mzee mmoja umtazame visigino. Visigino havipangwi kwa ajili ya mgeni.

Nenda mara ya pili bila kupiga simu, wakati wa chakula. Nyumba moja tuliyoizuru ilikuwa na vigae vya kung'aa, na jagi la maji limewekwa juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mzee hata mmoja angelifikia. Katika joto la Malindi! Kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo mzee hupewa maji kabla hajaomba. Pale wazee wote walikuwa kimya, na mwenyeji akausifu utulivu wao. Mimi niliuliza ni dawa gani wanazopewa, kwa sababu dawa za kutuliza humfanya mzee aanguke, na baadhi ya zile za maradhi ya akili huongeza hatari ya kifo kwa mwenye dimenshia. Sikujibiwa, tukaaga.

Ukiambiwa yupo muuguzi, omba kuona leseni yake ya Baraza la Wauguzi. Msaidizi asiye muuguzi anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wote. Sindano ya sukari ni jambo jingine.

"Bora swala na chakula cha halali."

Ni bora, na bado uliza nani atamwosha. Mwanamke aoshwe na mwanamke, na usiridhike na ahadi. Halafu kuna lugha. Mwenye dimenshia mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Mamkubwa alirudi kwenye Kiamu chake, akawa anaomba "mai", yaani maji, na msaidizi kutoka bara akamchemshia mayai siku mbili kabla hatujagundua.

"Serikali italipa."

Inua Jamii, pesa za Serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70. Pampasi za watu wazima peke yake zitaimaliza. SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya matibabu, si ya kodi ya chumba.

"Ukishampeleka umepumzika."

Mkataba uandikwe: akizidiwa anapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani, na akitolewa kabla ya mwezi kwisha pesa zinarudi au hazirudi. Kuna na lile ambalo hakuna anayetaka kuliuliza. Sisi tuliliuliza, kwa sababu mamkubwa ameshasema anataka kulala Amu, na maiti kwetu haikawii. Kwenye daftari la nyumba tuliyomchagulia pameandikwa namba tatu za simu, gari la mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu, na jina la nahodha wa kumvusha.