Je, wajua kwa nini vijana wa Otara walijiita Klabu ya Mamilionea?

Kama ulikuwa mtu wa redio katikati ya miaka ya 1990, huenda bado unaukumbuka wimbo "How Bizarre". Gitaa lisilo la umeme linakwenda mbio, tarumbeta inachomoza katikati, na mwimbaji anasimulia zaidi ya anavyoimba. Ulitoka New Zealand mwaka 1995, ukashika namba moja kwao, Australia, Canada, hadi Afrika Kusini. Jina la kundi lilikuwa herufi tatu tu: OMC. Hicho ni kifupi cha Otara Millionaires Club, Klabu ya Mamilionea wa Otara.

Sasa, Otara yenyewe haikuwa na mamilionea. Ni mtaa wa kusini mwa jiji la Auckland, uliojaa nyumba za serikali walimopangishwa watu wa kipato kidogo: Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, waliohama vijijini, na watu wa visiwa vya Pasifiki kama Samoa, Tonga na Niue, walioitikia wito wa viwanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, watu wale wale wa visiwani waliokuwa wakihitajika jana wakaanza kugongewa milango na polisi alfajiri, wakidaiwa vibali. Serikali ilikuja kuwaomba radhi rasmi mwaka 2021, karibu nusu karne baadaye.

Kujiita milionea mahali kama hapo ni utani ambao sisi tunauelewa mara moja. Ndivyo jitu la miraba minne linavyoitwa Kimbaumbau. Lakini ndani ya utani ule mlikuwa na kiburi cha halali: mtaa mnaoudharau una utajiri, ila hamjausikiliza.

Aliyeisimamia kauli hiyo kwa maisha yake yote ni Phil Fuemana, mwanamuziki, prodyuza na mwanzilishi wa OMC, baba yake Mniue na mama yake Mmaori. Niue ni kisiwa ambacho wakazi wake hawafiki 2,000, ilhali sensa ya New Zealand ya 2018 ilihesabu Waniue zaidi ya 30,000. Kwa hiyo kijana kama Phil hakuwa mgeni mjini. Mjini ndiko kwao. Na hapo ndipo ulipo moyo wa kazi yake. Wakati huo Mpolinesia, yaani mtu wa visiwa hivyo au Mmaori, alitarajiwa apige muziki wa kuwakumbusha watalii minazi na ufukwe; Phil alitaka ule wa chumbani kwao Otara, wenye soul ya Wamarekani weusi na midundo ya hip hop, ukibebwa na sauti zinazopandana kama kwaya za makanisa ya visiwani. Mwaka 1994 kundi la familia yao, Fuemana, akiwamo dada yake Christina, lilitoa albamu waliyoiita "New Urban Polynesian", yaani Mpolinesia Mpya wa Mjini. Kwangu mimi jina hilo ni tangazo kamili.

Mwaka huo huo ikatoka "Proud", mkusanyiko wa nyimbo za vijana wa kusini mwa Auckland uliotayarishwa na Alan Jansson. Humo ndimo OMC walimosikika kwa mara ya kwanza. Humo pia wamo Sisters Underground, wasichana wawili, mmoja wao mwenye asili ya Nigeria, wakiuimba mtaa wao kwa upole ambao magazeti hayakuwahi kuupa.

Phil aliachana na OMC, jina likabaki kwa mdogo wake Pauly, ambaye pamoja na Jansson ndio waliotengeneza "How Bizarre". Mdogo mtu akazunguka dunia. Phil aliendelea na kazi ya nyumbani: aliendesha lebo yake, Urban Pacifika Records, akiwaingiza studio vijana ambao lebo kubwa hazikuwa na habari nao, na mwaka 1999 akatoa mkusanyiko wa wasanii hao, "Pioneers of a Pacifikan Frontier". Kazi ya namna hii haina chati. Prodyuza anakaa na chipukizi, anarudia mstari mmoja hadi usiku, anamfundisha kupanga sauti, anampa moyo, halafu jina linalopigwa redioni ni la mwingine. Miaka michache baadaye, mapema miaka ya 2000, hip hop ya Wapolinesia ilikuwa ikitamba katika chati za New Zealand.

Phil alifariki Februari 2005, moyo ukisimama ghafla, akiwa na miaka 41. Pauly alimfuata Januari 2010, akiwa na miaka 40. Katika Tuzo za Muziki wa Pasifiki huko New Zealand, tuzo ya msanii chipukizi ilipewa jina la Phillip Fuemana.