Kabla ya kukimbilia seva, jaribu dbm

Programu nyingi ninazoandika hazina haja ya kanzidata kubwa ya kwenye seva. Zinachotaka ni kukumbuka tu: mtumiaji alichagua lugha gani, faili zipi zimeshashughulikiwa, jana tuliishia wapi. Ufunguo (jina la kitu) na thamani yake, basi.

Wengi wetu huanza na faili la JSON, yaani faili la maandishi lenye data iliyopangwa. Si vibaya, mpaka siku linapofika vipengele 40,000 na wewe unataka kubadilisha kimoja: inabidi uliandike lote upya. Isitoshe, ukilifungua kwa kuandika kwa njia ya kawaida, yaliyomo hufutwa kwanza. Umeme ukikatika hapo, utarudi ukute nusu ya data, au faili tupu.

Ndiyo maana naipenda dbm, kanzidata ndogo ya ufunguo na thamani inayokaa kwenye faili, bila seva. Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix, aliiandika akiwa AT&T mwaka 1979, na wazo lake bado lina nguvu: ufunguo hukokotolewa kuwa namba, namba hiyo huonyesha jibu liko kwenye kipande gani cha faili, kisha kinasomwa kipande hicho tu. Ile ya kwanza ilikuwa na masharti yake. Ufunguo na thamani vilitakiwa vienee pamoja ndani ya kipande cha baiti 512, na programu haikuweza kufungua zaidi ya kanzidata moja kwa wakati. Zilizofuata, ndbm kisha gdbm, zikalegeza masharti hayo.

Kwenye lugha ya programu ya Python imeshawekwa, huna cha kusakinisha:

import dbm
with dbm.open('hali', 'c') as d:
    d['lugha'] = 'sw'
    print(d['lugha'])

Kitakachochapishwa ni b'sw', si 'sw'. Umeweka maandishi, umerudishiwa baiti. Ukitaka maandishi, ongeza .decode(). Wanaoanza hulinganisha b'sw' na 'sw', wakapata jibu la hapana, wakailaumu kanzidata.

Sasa itazame hiyo herufi 'c'. Maana yake: fungua faili, na kama halipo, tengeneza. Mimi niliwahi kuweka 'n', nikidhani ni "tengeneza jipya kama halipo". Kumbe ni "tengeneza jipya kila mara". Siku nzima ya majaribio mambo yalikwenda sawasawa, kwa sababu sikuizima programu hata mara moja. Kesho yake asubuhi nikaiwasha, na kazi yote ya jana ikafutika bila hata onyo. Ningemlaumu nani? Nyaraka zinasema wazi, ni mimi sikuzisoma.

Ukitaka kuhifadhi orodha au kamusi nzima, kuna shelve, moduli nyingine ya Python inayokaa juu ya dbm. Nayo ina mtego wake. Tuseme s ni shelve uliyoifungua: ukiandika s['majina'].append('Asha'), Asha haingii kwenye diski. Ulichopewa ni nakala iliyoko kwenye kumbukumbu, na hiyo nakala ndiyo uliyoiongezea jina. Itoe orodha, ibadilishe, kisha irudishe: s['majina'] = orodha. Na usifungue kamwe faili la shelve ulilotumiwa na mtu usiyemwamini, maana linaposomwa linaweza kuendesha msimbo wake ndani ya mashine yako.

Siku ukianza kuuliza "nionyeshe wote waliojiunga mwezi uliopita", hamia SQLite, kanzidata ya kwenye faili inayojua kujibu maswali ya namna hiyo. Dbm inajua kutafuta kwa ufunguo tu. Kwa swali la namna hiyo utalazimika kupitia kila kipengele. Kuanzia Python 3.13, dbm yenyewe ikitengeneza faili jipya hutumia SQLite kwa ndani, kama ipo.

Yaani dbm ya Python inaweza kutumia aina tofauti za faili kwa ndani, na hilo linaleta usumbufu mmoja: faili lililotengenezwa na gdbm kwenye mashine moja halitafunguka kwenye mashine isiyo na gdbm. Kabla hujaanza kuhisi limeharibika, endesha dbm.whichdb('hali') uone ni la aina gani.