Kuosha makaa ya mawe hakuondoi salfa yote
Tanga, kwenye matanuri ya saruji, husemwa kuwa makaa ya mawe yakishaoshwa yamekwisha salfa. Si kweli. Kuosha hutenganisha kwa uzito tu: pairiti, yaani salfa iliyoungana na chuma, ni nzito karibu mara nne ya makaa, hivyo huzama. Salfa iliyofungamana na kaboni haitoki kwa maji, hata uoshe mara ngapi.

Tanurini, chokaa huinasa sehemu kubwa. Zebaki, metali iliyomo pia kwenye makaa, ndiyo korofi: tani moja ya makaa huwa nayo takriban gramu 0.1 tu, lakini zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, na tanuri hupita 1,400. Hutoka na moshi au hushika vumbi la vichujio. Vumbi likirudishwa tanurini, nayo hurudi.