Picha za darasa la 12: shati linavyoweza kuuficha uso

Huku Marekani picha za kuhitimu hazisubiri mahafali ya mwezi wa tano au wa sita. Hupigwa kuanzia likizo ya kiangazi kabla ya darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, mpaka majani ya miti yanapoanza kuanguka, kwa sababu shule nyingi hufunga mapema kupokea picha za kitabu cha mwaka, kile cha kumbukumbu chenye picha za wanafunzi. Soma kwanza barua ya shule. Baadhi hukubali picha ya studio yao tu, mandhari ya rangi moja, kitambaa cheusi mabegani kwa wasichana na suti yenye tai ya kipepeo kwa wavulana. Hiyo haina mengi ya kuamua. Maandalizi yanahitajika kwa zile nyingine, za mpiga picha mnayemchagua na kumlipa wenyewe.

Kwa wenye ngozi nyeusi, kasoro kubwa ni uso kutoka giza, na mara nyingi chanzo ni nguo. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Shati jeupe pepepe likijaza nusu ya picha, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na uso unapotea. Joho jeusi mbele ya miti yenye kivuli huleta kinyume chake: kamera huongeza mwanga, ngozi inapauka na paji la uso linabaki doa jeupe. Mpiga picha anayeijua kazi hupima mwanga shavuni. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuona picha zote alizompiga mteja mmoja mwenye ngozi kama ya mwanao, si ile moja aliyoichagua kuiweka Instagram.

Nanyi mrahisishieni kazi kwa rangi za katikati: haradali, kijani cha chupa, damu ya mzee, buluu iliyokolea, rangi ya maziwa badala ya nyeupe. Rangi kali zinazowaka ziacheni nyumbani. Fulana ya kijani kikali hurudisha mwanga wake chini ya kidevu, na rangi hiyo ni ngumu kuondoa kwenye kompyuta. Mistari myembamba iliyosongamana nayo huzalisha mawimbi ya rangi ambayo hayapo kabisa kwenye kitambaa.

Kitenge ninakipenda sana katika picha hizi, ila kiwe na maua makubwa na kishonwe mapema. Kitambaa kipya kina wanga: kinasimama mbali na mwili na kujikunja vibaya kiunoni mtu akikaa. Kifue mara moja kabla ya kumpelekea fundi, kilainike na kama ni cha kurudi, kirudi kabla ya kukatwa. Mavazi matatu yanatosha: kitenge, nguo ya kawaida anayoipenda, na joho. Kila badiliko hula kama dakika 10, na mwanga mzuri haungoji.

Nywele zisukwe siku 4 au 5 kabla. Zikisukwa jana yake, ngozi ya kichwa bado imevutwa, vipele vinaonekana kwenye mstari wa paji, na mtoto anayeumwa kichwa hatabasamu. Mvulana anyolewe siku 1 au 2 kabla, vipele vya wembe vipate kutulia. Jeli ya kulaza nywele za mbele iwe kidogo, maana ikikauka huacha ukoko mweupe. Anayevaa hijabu achague kitambaa kisichong'aa, na ukingo wake urudishwe nyuma kidogo usitie kivuli machoni.

Ngozi nyeusi hupata umbo kwa sehemu zinazong'aa: juu ya shavu, mgongo wa pua. Ukizifunika zote kwa poda, uso unakuwa bapa na wa kijivujivu. Paka mafuta au losheni usiku na asubuhi, usisahau viwiko, magoti na vifundo vya vidole, kisha jasho ulifute kwa karatasi laini kwenye paji, pua na kidevu tu. Losheni ya kukinga jua na poda nyeupe laini huweza kurudisha mwanga wa fleshi na kuacha uso kama uliopakwa unga, basi jaribuni kwa fleshi ya simu nyumbani. Wiki hiyo msianze krimu mpya yoyote.

Nje, saa ya mwisho kabla ya jua kuzama ndiyo bora. Mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, mwezi Juni jua huzama kama saa 3 usiku, lakini katikati ya Oktoba ni kama saa 12 na nusu jioni, hivyo uliza saa kabla ya kuomba ruhusa kazini. Miwani inayojitia giza juani itatoka nyeusi. Vaeni ya kawaida, na mikono yake iinuliwe kidogo juu ya masikio ili vioo viiname na kuondoa mng'ao.

Joho hufika limekunjwa kwenye mfuko, na mikunjo yake huonekana kuliko kitu chochote. Litundikwe usiku kucha bafuni baada ya watu kuoga maji moto. Kama lazima lipigwe pasi, geuza ndani nje, weka kitambaa juu na moto mdogo kabisa, kwani polista huyeyuka na kuacha alama inayong'aa. Kofia ikae bapa juu ya kichwa, isilale kisogoni, pembe moja ielekee mbele katikati ya nyusi. Kishada chake cha nyuzi kiwe upande wa kulia, maana kukihamishia kushoto ni kazi ya siku ya mahafali yenyewe.