Sakiti breka hulinda waya, haimlindi mtu

Kwa miaka mingi katika mitaa ya Dar es Salaam, mtu anayejivutia waya mwenyewe hadi kwenye gereji ya nyumbani huambiwa asiwe na wasiwasi maadamu ameweka sakiti breka, kwa kuwa "ikipiga shoti itajizima." Kauli hiyo ni kweli kwa waya, lakini si kweli kwa mtu. Breka ya ampea 20 huzima pale umeme unapozidi kiwango hicho, ili waya usipate moto na kuunguza nyumba. Mwili wenye ukinzani wa omu 1,000 hivi, ukiguswa na volti 230, hupitisha takriban ampea 0.23 tu, kiasi kinachoweza kuua, ilhali kwa breka hiyo ni sawa na balbu ya wati 50 iliyowashwa.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kiitwacho RCD, kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ambacho kwa kawaida hukata kabla tofauti haijavuka miliampea 30, yaani ampea 0.03. Hutambulika kwa kitufe chenye herufi T. Kibonyeze, na umeme usipozimika, kifaa kimekufa.

Kitufe hicho hakithibitishi kwamba waya wa arthi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umefungwa. Niliwahi kufungua soketi ya gereji moja, Tabata, baada ya kuzima swichi kuu, nikaukuta umekunjwa nyuma bila kufungwa popote, na drili ilikuwa ikizunguka vizuri kabisa kwenye sakafu iliyolowa maji ya kuoshea gari.