Kutofungwa msimu mzima si sawa na kuwa bingwa

Wengi wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vikuu vya Marekani huamini kwamba timu iliyomaliza msimu bila kufungwa ilishinda michezo yake yote, na kwamba kwa sababu hiyo ndiyo bingwa wa taifa. Dhana hiyo inaeleweka, hasa kwetu tuliozoea soka, ambako msimamo wa ligi ndio unaoamua bingwa.

Hata hivyo, kabla ya mwaka 1996, muda wa nyongeza ulipoanza kutumika katika michezo yote ya daraja la juu, sare zilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1966 timu mbili zilizokuwa zikiwania nafasi ya kwanza zilitoka 10–10, na zote zikamaliza msimu na rekodi ya 9–0–1, yaani ushindi 9, bila kipigo, sare 1. Ubingwa nao uliamuliwa kwa kura za waandishi wa habari na makocha, kwa kuwa timu ni nyingi mno kuweza kukutana zote. Hata mtoano wa timu 4 ulipoanza katika msimu wa 2014, kamati ndiyo iliyochagua washiriki, na mwaka 2023 timu yenye ushindi 13 bila kipigo iliachwa nje.

Anayetaka kuhakiki rekodi ya zamani aanze na tarakimu ya tatu, ambayo ni ya sare na ambayo wasimuliaji wengi huiruka, kisha aangalie ubingwa wa mwaka huo uliamuliwa kwa kura au kwa mtoano.