Mtengenezaji Kumpangia Mwenye Duka Bei: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Sheria inayomruhusu mtengenezaji kupanga bei ya rejareja lazima ivunje katiba, kwa kuwa mali ikishalipiwa ni ya aliyeinunua.

Ukweli: Hoja hii ina uzito kwa kila mwenye duka wa Mbuyuni, Moshi, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa mwaka 1936 katika kesi ya Old Dearborn dhidi ya Seagram, iliyohusu pombe kali na sheria ya jimbo la Illinois. Jaji George Sutherland alieleza kwamba kinacholindwa si bidhaa, ambayo kweli ni ya mwenye duka, bali ni jina jema la nembo, ambalo hubaki mali ya mtengenezaji, na kwamba anayeiondoa nembo yuko huru kuuza kwa bei aitakayo. Sheria hiyo ilimbana hata muuzaji asiyetia saini mkataba wowote, mradi alijua bei imepangwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo hukumu ilipomwonea mfanyabiashara mdogo, kwani nani atanunua chupa isiyo na nembo?

Dhana: Mahakama ikishasema sheria ni halali, mjadala umekwisha.

Ukweli: Mwaka 1949 mahakama ya juu ya Florida iliibatilisha sheria kama hiyo kwa kutumia katiba ya jimbo lake, na mahakama za majimbo mengine nazo zikafanya hivyo. Mwaka 1975 Bunge la Marekani likaondoa kinga dhidi ya sheria za ushindani ambayo sheria zake za 1937 na 1952 ziliyapa makubaliano ya kupanga bei ya rejareja.

Dhana: Hapa Tanzania bei iliyochapishwa na kiwanda ni amri ya sheria.

Ukweli: Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na maji, si kiwanda, nayo ni ukomo wa juu. Makubaliano ya kiwanda na muuzaji hupimwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayokataza makubaliano yanayodhoofisha ushindani kwa kiasi kikubwa. Bunge likitunga sheria ya kuviruhusu viwanda kupanga bei, mwananchi anaweza kuipinga Mahakama Kuu, kwa kuwa ibara ya 64(5) ya Katiba ya 1977 hubatilisha sheria inayoikiuka. Hata hivyo, ibara ya 30(5) huiruhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro, na katika muda huo sheria huendelea kuhesabiwa kuwa halali.